Ya Tisa

Semhando aliinunua kwa ajili ya chuma chakavu,
mashine yenye sahani chini na kilio tumboni,
akaniita nishike sepetu
kwa kuwa mimi, alisema, nina subira ya mtu asiye na kazi.

Tulianzia Pongwe, nyuma ya kambi zilizobaki kuta.
Mkonge umegeuka pori, umeota hadi milangoni
mwa vyumba walimolala manamba.
Jua la saa tatu. Mbuzi wa watu wanatutazama.

Kwanza ikalia: kizibo cha soda.
Ikalia: msumari wa bati.
Ikalia tena, kwa uchungu, tukachimba hadi goti
tukatoa kopo la samaki, tupu,
lililofunguliwa kwa panga.
"Mwongo huyu," Semhando akaipiga kofi
kama mtu anavyompiga punda wake mwenyewe,
bila chuki.

Kwenye kizingiti cha chumba cha nne
haikulia, ilinong'ona.
Nikakwangua kwa kijiko nilichokuja nacho mfukoni
(Mwanamvua anakitafuta jikoni hadi leo).
Zikatoka zimelaliana mgongo kwa mgongo:
senti kumi, senti kumi, senti kumi,
kila moja na tundu lake na pembe zake za ndovu,
kijani kama ukoga wa mtungi.
Kamba imeoza. Foleni haijavunjika.

Kumi na nne. Nikazihesabu mara mbili
kwa sababu ya ile ya tisa, isiyo ndugu yao:
taji upande huu, shada la majani upande ule,
na neno nililolisoma kwa sauti.
"Hela," nikasema.
"Najua ni hela. Kiasi gani?"
"Hapana. Hela. Hela yenyewe."

Maisha yangu yote nimesema sina hela,
nimeomba hela, nimekopa hela, nimenuniwa kwa hela,
kama mtu anayetaja kila siku jina la babu
asilolijua kaburi lake.
Kumbe ina uzito wa kifungo cha shati.

Na hela hii ya Mdachi haikuzaliwa na tundu.
Ilitobolewa kwa msumari, kutokea upande wa taji:
pigo la kwanza liliteleza, mkwaruzo bado upo,
kisha la pili.
Mtu alikaa mlangoni hapa, na jiwe, na msumari,
akaitoboa fedha iliyokwisha kufa sokoni,
isiyonunua hata chumvi ya kufungwa kwenye karatasi,
ipate kukaa na wenzake walio hai.
Kwa nini? Labda ilikuwa ya baba yake.
Labda aliidanganya hesabu kwayo,
usiku, akizipitisha moja moja kwa kidole gumba,
ili nauli ya kurudi kwao ionekane inakaribia.
Sijui. Hata jina lake wangeniambia namba.

Semhando keshaanza kupiga bei:
shaba, kwa kilo, mzani wa Ngamiani.
"Hazifiki hata robo," nikamwambia.
"Basi zako," akasema, akageuka na mashine yake

na sahani ikapita karibu na mguu wangu wa kushoto
ikapiga ukelele, mbuzi wakatawanyika.
Bamba la Bombo. Skrubu sita. Bodaboda ya mwaka juzi,
na deni ambalo bado nalikwepa njiani.
Semhando akacheka hadi akakaa chini.
"Tukichimbe?"
"Ngoja kwanza," nikasema, "bado nakitumia."

Nikalifukia shimo, mbuzi wasije wakavunjika.
Nyumbani nikatafuta uzi,
nikazitunga kama nilivyozikuta,
na ile nikairudisha pake,
ya tisa.